Nicole Ni wa Ukoo Gani?

Weston, Toronto
14 Machi 2009

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na uvimbe wa miguu umepungua. Sisi huku hatujambo, ila baridi haijatuachilia.

Mjukuu wako Brice anataka kuoa. Binti anaitwa Nicole, ni muuguzi, mweusi kama sisi, lakini wazazi na babu zake ni wa hapahapa Kanada. Adabu anayo, hunisalimu kabla hajavua koti. Harusi wanaitaka mwakani, ila Brice hataki kusimama kanisani bila baraka yako. Nami vilevile.

Mwanao,
Gervais

Uvira
2 Juni 2009

Mwanangu Gervais,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako niliipokea kwa mchungaji aliyetoka Bujumbura. Miguu bado, lakini uzima upo.

Nimefurahi. Ila umenieleza kazi na koti, ukoo hukunieleza. Umesahau kwenu? Hatuozeshi mpaka babu za binti watajwe, tujue hatuchanganyi damu ya ndugu, tujue na watu wake. Ndoa ikitikisika, mbuzi wa kupatanisha nitampeleka kwa nani? Bila hilo sibariki. Usinikasirikie.

Baba yako

Weston
8 Novemba 2009

Baba,

Afya yako inaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Brice mwenyewe nilimwambia ataje babu zake, akaishia kwako!

Nicole hakukasirika. Alilia, kisha akaanza kutafuta. Tulizunguka naye kwenye makanisa na makaburi ya zamani kaskazini mwa Toronto, hadi mkulima mmoja Mzungu akatuonyesha jiwe nyuma ya shamba lake la mahindi: Ezekiel Pruitt. Alizaliwa utumwani Virginia, Amerika. Alitoroka, akavuka mpaka, akapata kipande cha msitu ambacho hakuna aliyekitaka. Yeye na mkewe wakaufyeka kwa shoka, wakajenga nyumba ya magogo. Kutoka kwake tumewapata wote, mtoto kwa mtoto, hadi Nicole.

Lakini nyuma ya Ezekiel hakuna kitu. Mama yake aliuzwa, hatujui wapi. Hata jina Pruitt ni la mtu aliyemmiliki.

Nicole ameniuliza, "Papa Gervais, mzee atasema sina watu?" Baba, naumia. Usimwaibishe mtoto huyu.

Gervais wako

Uvira
5 Aprili 2010

Gervais mwanangu,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Nisamehe kimya. Nililazwa, na mkono sasa hauwezi kalamu. Anayeandika ni dada yako Libérata. Maneno ni yangu.

Barua yako ilinikosesha raha. Niliwaita wadogo zangu, tukawahesabu babu zetu kama nilivyokufundisha, mpaka kwa Lubunga, wa kwanza. Nikawauliza: na Lubunga alizaliwa na nani? Hakuna anayejua. Wazee walituambia tu kwamba alikuja peke yake, akiwakimbia watu wa minyororo, akafyeka msitu juu ya mto. Ndiyo maana tunahesabu kuanzia kwake. Hatujawahi kumwonea haya.

Basi mwambie Nicole ana watu. Ni wa ukoo wa Ezekiel. Lile jina jingine ni la mwizi, mimi silitaji.

Nawabariki wote wawili, kwa moyo wote.

Harusini sitafika, mwanangu, na nadhani unajua sababu. Siku hiyo, kabla watu hawajala, simama umtaje Lubunga, kisha Ezekiel. Mimi usinitaje wewe. Nicole ndiye anitaje, aniite babu yake.

Baba yako