Marobota ya Mama Lusajo

Sanyuanli, Guangzhou
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, miwani iko karibu, kwa maana ni ndefu, na mwandiko wangu wa leo si ule ulionichapia vidole mpaka nikaujua. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha kanisani kwa miguu, au umekubali kupakiwa kwenye pikipiki? Mimi ni mzima wa mwili. Nilikohoa siku tisa, kama kila mtu katika jengo letu, nikapona. Lakini nina hasira, Mama, na nina hofu. Vyote viwili vimenikaa kifuani, hata kula nakula kwa kujilazimisha.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako umenunuliwa na Mjomba Ambakisye, na nikituma sauti yoyote itazunguka kwenye kundi la familia kabla wewe hujaisikia. Barua hii anaileta mama mmoja wa Tabora, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekwama huku muda wote wa karantini. Ameahidi kukupa mkononi. Nataka uisome kabla Mjomba hajakufikia na habari zake, na akikuwahi, basi uisome baada yake.

Mjomba atakwambia mimi ni mwizi. Sijaiba kitu. Nitakueleza ilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Unajua kwamba Mjomba alikwenda Dar kabla mipaka haijafungwa, akaniachia funguo za duka na muhuri wa kampuni, akisema, "Wiki tatu tu, Atupele." Hajarudi mpaka leo. Mwaka huu walipotufungia tena, mtaa wetu wote ulizungushiwa mabati ya bluu. Kila asubuhi tulishuka kupanga foleni ya kupimwa, tukifungua vinywa kama makinda. Vyakula vililetwa getini. Jengo la maduka lilitiwa utepe na stoo yetu ikabaki ndani yake, na marobota ya watu humo.

Kisha asubuhi moja mabati hayakuwepo. Hakuna aliyetutangazia. Watu walitoka wakitembea polepole na barakoa zao, wanaangaliana, kama wamesahau barabara inaelekea wapi.

Nilidhani tumepona. Kumbe ndipo msukosuko wa madukani ulipoanza. Siku ya pili tu, meneja wa jengo, Bi Chen, alipita fremu hadi fremu akiwa na karatasi. Kila duka lifunguliwe saa tatu asubuhi, taa zote ziwake, mlango usifungwe hata nusu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Atakayekutwa amefunga, fremu yake apewe mwingine. Nikamwambia, "Laoban," maana huku kila mwenye kauli unamwita hivyo, yaani bosi, "wateja wenyewe wako wapi? Ndege haziji." Akanijibu bila kusimama, "Mteja akija akakuta giza, hatarudi. Washa taa." Hata pango la miezi ya kufungwa hawakupunguza.

Basi tukawasha taa. Katika ghorofa yetu zilikuwa fremu arobaini na tulifungua kumi na moja. Tulikaa vitini tukitazama korido tupu, tunakohoa kwa zamu. Jirani yangu ni Papa Dieudonné, Mkongo wa Bukavu, muuza viatu, mtu wa kanisani kwetu. Alikuwa anasimama mlangoni kwake na kuwakaribisha wateja wasiokuwepo: "Entrez, entrez, Maman, karibu, leo ni bei ya ndugu!" Tulicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu aliacha.

Wateja wote walikuwa kwenye simu, na wote walikuwa na hasira. Walitaka mizigo yao ya miezi mingi iliyopita, na walitaka mipya. Nikipiga viwandani jibu ni moja, meiyou, hakuna. Vitambaa hakuna, mafundi wanaumwa, na waliopona wanarudi vijijini mapema kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Viwanda vingefunga karibu mwezi mzima. Mzigo usiokuwa umeshonwa tayari, usingeshonwa.

Hapo ndipo Mjomba alipokumbuka marobota ya Mama Lusajo.

Mama Lusajo unamfahamu kwa sura hata kama jina limekupotea. Ni yule mjane mwenye fremu ya nguo za watoto mjini Mbeya, aliyewahi kukuletea salamu zangu akakukuta unamenya ndizi. Yeye na wenzake sita walichanga, wakaagiza masweta na jaketi za watoto kwa ajili ya baridi ya Juni. Marobota kumi na mawili. Walilipa yote mapema, wakanisisitizia alama iwe LUSAJO, jina la mwanawe. Kazi yetu, Mama, inasimama juu ya alama. Kontena moja linabeba mizigo ya watu ishirini wasiojuana. Hakuna anayefungua robota kuangalia kilichomo. Linasomwa alama tu, kuanzia stoo mpaka bandarini mpaka mkononi mwa mwenyewe. Anayeandika alama ni mimi. Nina karatasi ngumu nilizokata herufi kwa wembe, nina brashi na rangi nyeusi. Robota likiandikwa jina lako ni lako. Likiandikwa jina la mwingine, huna hata pa kuanzia kulalamika.

Mjomba alinipigia saa nne asubuhi, nimekaa chini ya zile taa.

"Yale masweta ya yule mama wa Mbeya bado yapo?"

"Yapo, Mjomba. Yote kumi na mawili."

"Vizuri. Yaandike Kalenga."

Kalenga ni mteja wake mkubwa wa Lubumbashi. Huko nako Juni ni baridi. Alikuwa ametishia kwamba asipopata nguo za watoto kwenye kontena la kwanza, anahamia kwa wakala mwingine na jamaa zake wote.

Nikamwambia, "Mjomba, mzigo una mwenyewe."

"Mwambie uliharibika. Mwambie Wachina walipulizia dawa ya korona stoo nzima, nguo zikalowa, zikatupwa. Nani atabisha? Dunia nzima inajua karantini ilivyokuwa."

"Na akiuliza atarudishiwa nini?"

"Atasubiri. Wanawake wale ni wavumilivu. Atupele, nisikilize. Duka likifa, kibali chako kinakufa nalo. Umenielewa, au nirudie?"

Nilimwelewa. Kibali changu cha kuishi huku kiko kwenye jina la kampuni yake na kinaisha baada ya miezi miwili. Wewe unanijua tangu utotoni, Mama. Mimi ni yule aliyekuwa anaomba ruhusa ya kunywa maji hata nyumbani kwao mwenyewe. Nilifanya alivyosema. Hapa ndipo nilipokosea na sitaki mtu mwingine akusimulie. Nilimpigia Mama Lusajo, nikamwambia mzigo umelowa dawa, umetupwa.

Akauliza, "Hata masweta? Halikubaki hata moja?"

"Halikubaki, Mama."

"Fremu yangu iko tupu tangu mwaka jana, mwanangu. Nimemwambia mwenye nyumba nafungua tena mwezi wa tano." Kisha akasema, "Haya. Nyie wenyewe mko salama huko?"

Nilisema tuko salama. Nikakata simu, nikachukua brashi, nikashuka stoo. Nilipaka rangi juu ya jina lile kwenye marobota manne. Kwenye robota la tano Papa Dieudonné akaingia kuchukua maboksi yake, akasimama nyuma yangu.

"Ma fille, binti yangu, hiyo jina unaifuta, mwenyewe alikufa?"

"Hajakufa, Papa."

"Alors, basi kwa nini unamuzika?"

Nilimwambia aniache nifanye kazi. Akachukua maboksi yake, akaondoka, na mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi pia niko na mzigo humu. Nitakuja kuangalia jina yangu kila siku."

Mama, maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Mtu anayeniombea kila Jumapili alikuwa ameanza kunichunga kama mwizi, na alikuwa na haki. Hapo hasira ikanipanda, nikaitambua kuwa ilikuwepo siku zote. Nilimkasirikia Bi Chen na taa zake, na yule Kalenga anayedhani nguo zinaota. Nilijikasirikia mimi. Lakini zaidi nilimkasirikia ndugu yako. Alikaa Dar muda wote huu akila samaki, hakuchokonolewa koo hata siku moja, halafu akaichukua taabu yetu, ile foleni, yale mabati, kukohoa kwetu, akaigeuza gunia la kufichia uongo wake. Nilifungiwa mimi! Alikuwa na haki gani ya kuitumia?

Nilikaa chini nikalia. Kisha nikaenda kununua viroba vipya. Rangi ile haifutiki, kwa hiyo nilivisha marobota yale manne viroba vingine juu, nikashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Nikaandika upya, LUSAJO, herufi kubwa kuliko za mwanzo, pande zote.

Kesho yake nilimpigia Mama Lusajo mwenyewe. Nikamwambia mzigo wake upo na kwamba nilikuwa nimetumwa kusema haupo.

"Kwa hiyo jana ulinidanganya."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe, mtoto wa mwalimu."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikaa usiku mzima nikifikiri nitawaambia nini wenzangu sita. Usinifanyie hivyo tena. Pakia mzigo wangu." Akakata simu. Hakunishukuru, na sikustahili.

Siku ya kupakia kontena, Mjomba alitaka aone kila kitu kwenye simu ya picha. Nilisimama nyuma ya lori, wapakiaji wanapokezana marobota huku wakitaniana. Sura ya Mjomba ilikuwa imejaa kioo kizima.

"Sogeza simu. Onyesha ya Kalenga."

Nikasogeza. Nikamwonyesha robota la kwanza, la pili, la tatu.

"Atupele. Unanionyesha nini?"

"Mzigo wa Mama Lusajo, Mjomba."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niseme ulilowa. Haukulowa. Unaona mwenyewe, ni mkavu."

Alipiga kelele mpaka wapakiaji wakaacha kazi. Hawajui Kiswahili, lakini sauti ya bosi inajulikana kwa lugha zote, na mmoja akacheka, akanionyesha kidole gumba. Mjomba alisema mimi ni nyoka aliyemlea mwenyewe. Alisema nimeuza mzigo wa Kalenga, mzigo ambao haujawahi kuwepo, Mama, na kwamba ataieleza familia nzima. Alisema kibali nikisahau. Nilikuwa nalia, na sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini sikuishusha simu mpaka robota la kumi na mbili lilipoingia na milango ikafungwa. Nikapiga picha, nikamtumia Mama Lusajo.

Kontena limeondoka. Kalenga amehama kama alivyoahidi. Bado nafungua duka saa tatu na kuwasha taa, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ufunguo, na Mjomba hapokei simu zangu. Huenda Bi Chen akaichukua fremu. Huenda nikarudi nyumbani na sanduku langu moja, baada ya shahada na miaka yote hii, na watu wa mtaani wakaniangalia. Sikufichi, naliogopa hilo. Najua pia kwamba Mjomba ndiye aliyenileta huku, kwamba alimsimamia mdogo wangu Lusekelo shuleni na kwamba alituzikia Baba kwa heshima. Sijasahau hata kimoja, ndiyo maana nilishika brashi mara ya kwanza. Lakini hakutusaidia ili siku moja nimzibe mdomo mjane kwa niaba yake. Kama ndivyo alivyokusudia, angetuambia mapema tukakataa.

Nisalimie Lusekelo, mwambie akazane na hesabu. Msalimie Bibi, mweleze kwa sauti kubwa kwamba sijaolewa na Mchina. Wasalimie akina mama wa jumuiya, hasa mwenyekiti wao, aliyetuma maombi kwa simu wakati tumefungiwa. Shangazi wa Kyela mpe pole ya ng'ombe.

Mjomba atakuja kwako, Mama. Atakuja na sukari na sabuni kama kawaida yake, ataketi, na ataanza kukuhurumia kwa kuzaa mtoto kama mimi. Usigombane naye. Ni ndugu yako. Mpe chai kwanza. Kisha mpe barua hii, umwambie miwani yako imevunjika, na umwombe akusomee kwa sauti mpaka mwisho.

Ni mimi mwanao,
Atupele