Sala ya Mtu Asiyepatikana

Nyuma ya soko,
Kibiti.
9 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Zamda,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Bukoba, wewe, mumeo Nasibu na wajukuu zangu, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimepoa. Mimi namshukuru Mungu. Macho bado yanasoma, magoti ndiyo yaliyogoma. Mama yako hajambo kwa mwili. Habari za moyo wake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana simu haistahimili maneno haya.

Mpunga umeinama na mafuriko ya mwaka jana hayakurudi. Lakini wengi tuliohama Mbwera tungali hapa barabarani, katika vyumba vya kupanga. Nyumba yangu ya kule, nasikia, maji ya chumvi yameingia hadi uani.

Mwezi uliopita shule moja ya sekondari hapa iliniomba niwaeleze wanafunzi, walimu na wazazi habari za Uislamu. Walimu wengi ni wageni kutoka bara, na wapo ambao siku ya kupangiwa Kibiti waliagwa kwao kwa machozi, kama waendao vitani. Mkuu wa shule hakunificha: watoto wanaambizana kwamba madrasa ni mahali pa kufunzwa kuua, na watu wazima wanaogopa kuuliza. Nikakubali kwenda.

Nikazungumza juu ya nguzo tano, ndoa na mirathi. Kisha nikawaeleza kitu wasichokikuta vitabuni, chuo chetu cha Kurani cha shambani. Wewe ulisoma humo. Wao hawakujua kwamba mpunga ukikaribia kuiva kijiji kizima huhamia mashambani, na mwalimu huhama na wanafunzi wake. Watoto hukaa juu ya madungu, vile vibanda vya miguu mirefu, juzuu mapajani, teo la kurushia mawe mkononi. Ndege wakishuka, aya hukatwa, mawe huruka, kisha aya huendelea pale ilipoishia.

Mwalimu wa Kemia, kijana kutoka nyanda za juu, akauliza, "Kwa hiyo, mzee, ni kweli mlikuwa mnawafundisha watoto kulenga shabaha?"

"Kweli tupu," nikamjibu. "Na wengi walikosa, ndiyo maana ghala zetu hazikujaa."

Watu wakacheka. Msichana mmoja akadakia kutoka nyuma, "Basi bibi yangu ndiye kamanda! Hakosi hata ndege mmoja!"

Walipotulia nikawaambia ya baba yako, mdogo wangu. Unayajua, lakini mimi sikuwahi kuyasema mbele ya watu. Mwaka ule wa mauaji ya huku kwetu, miaka minane sasa, mnunuzi mmoja wa boriti, mgeni, alipita mtoni kwa mtumbwi. Akaona watoto wamejipanga madunguni wanasoma Kiarabu kwa sauti moja na kuvurumisha mawe kwa amri ya mtu mwenye kanzu. Akaenda kusimulia alichodhani amekiona. Wiki haikwisha, watu wenye silaha, ambao hadi leo hatujui ni wa upande gani, wakamchukua Mwalimu Abdulswamadu shambani. Ndugu yangu hakuwahi kugusa silaha zaidi ya kisu cha kumenyea mihogo.

Tangu siku ile yeye hajaonekana, na chuo hakikufunguliwa tena. Msimu huu pia madungu yana watu wazima tu. Wazazi hawathubutu kuwaruhusu watoto wasome nje, wakaonekana.

Nikamalizia kwa mazishi: kuosha, kukafini kwa sanda, kuswalia, kuzika. Nikasema kila maiti ana haki hizo nne juu yetu. Ndipo Nasra, mtoto wa kidato cha pili, akanyoosha mkono. "Babu, na asiyepatikana je? Mnamfanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo, Zamda. Lakini mama yako alikuwa amekaa benchi la mbele, pamoja na akina mama wengine. Yeye akasimama, akamwambia mtoto, "Asiyepatikana husubiriwa, mwanangu." Akaketi.

Asubuhi ya pili yake alikuja mlangoni kwangu, hata salamu hakuimaliza.

"Shemeji, unazunguka kufundisha dini watoto wa watu, mimi wa nyumbani unanificha?"

Nikachukua kitabu nikamsomea. Mke wa aliyepotea hungoja. Muda ukipita, kadhi huhukumu kwamba mume amefariki, watu humswalia sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na mke hukaa eda ya kufiwa. Miaka ya kungoja iliyotajwa mle ilikwisha zamani, na sheikh wa Ikwiriri yuko tayari kulifikisha jambo hili kwa kadhi. Mama yako alisikiliza hadi mwisho, mkono kinywani.

"Nikikaa eda," akasema, "nimemzika mimi." Akainuka, akajifunga kanga upya. "Muulize Zamda, ndiye mkubwa wa wanangu. Sitaki kumfisha baba wa mtu peke yangu."

Basi nakuuliza, mwanangu. Mimi naona tumswalie. Yule kijana wa Kemia ameniuliza kama asiye Mwislamu anaruhusiwa kusimama nje ya msikiti siku hiyo. Nimemwambia aje. Lakini neno ni lako, na ukisema tungoje, tutangoja, wala sitalirudia.

Wadogo zako Hafsa na Bashiru wanakusalimu sana. Nisalimie Nasibu na watoto. Mungu akujalie subira isiyokauka, akukinge na ya gizani na ya mchana.

Ukikubali, itaje Ijumaa unayoitaka. Safari ya kutoka huko ni ndefu na sikulazimishi kuja, kwa kuwa sala ya ghaibu huswaliwa popote. Saa ileile tutakayoswali, elekea kibla, utoe takbiri nne pamoja nasi. Haina rukuu wala sijida. Ni kusimama tu.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye na kungoja neno lako,

Kibwana