Katuni ya Jumatano Imekwisha

Jumatano, 12 Machi 1986. Asubuhi mvua nyepesi na baridi, mlima Nyiragongo haukuonekana.

Imekwisha. Mtangazaji amesema katuni ya kanga watatu wanaoimba haitaonyeshwa tena. Mahali pake wameweka nyimbo za chama.

Watoto walinung'unika kidogo, kisha wakaenda kucheza. Aliyebaki mbele ya televisheni ni mama mkwe. Tangu mume wangu aende Kinshasa, mama huyu haniruhusu kutoka ila kanisani. Lakini kila Jumatano kanga walipoanza kuimba, alikuwa akicheka mpaka machozi, bila kumwona mtu mwingine. Nusu saa hiyo nilikuwa nikipita nyuma ya jiko, nikienda kwa jirani, Mama Odile, kujifunza kupiga mashine ya kuandikia. Mtihani wa kazi ya ofisini ni mwisho wa mwezi, na vidole vyangu bado vinatafuta herufi.

Leo aliniita. "Mama Safi, kuya ukae hapa. Uniimbie ile wimbo ya kanga."

"Siijui muzuri, mama."

"Unakosa je kuijua? Kila Jumatano uko jikoni, na jikoni inasikika yote."

Nikaimba kitu, sijui nini. Alinikatiza.

"Hapana, haiko vile. Lakini utajifunza. Kila Jumatano, saa ile ile, utakaa na mimi hapa."

Kama anajua kwamba natoka, mbona hakusema? Na kama hajui...

Nimejaribu kupiga herufi juu ya shuka, kwa vidole vyote. Haisaidii.

Saa saba usiku. Nalala.