Bahari Iliyokauka Kule Sahare

Ngamiani, Tanga

Kwa Baba yangu,

Shikamoo, Baba. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimekaa mkekani, kama vile uko mbele yangu. Mimi ni mzima, Shangazi ni mzima isipokuwa magoti yake, na joto la huku ni zima kuliko sisi wote. Nyumbani mnaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Yule ndama wa Kijivu ameacha kuharisha? Na mvua, ilifika mpaka shamba la bondeni au iliishia sokoni Mtinko kama kawaida yake?

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumbani mnaiweka spika na kuiegemeza kwenye kinu, na kila anayepita uani ananiuliza lake. Nikisikia sauti za watu wengi, maneno yananiishia. Ndiyo maana siku ile uliponiuliza kama nimeiona bahari, nilijibu kwa maneno matatu tu: "Nimeiona, Baba. Imekauka." Halafu salio lako likaisha, na hayo matatu ndiyo yaliyoleta yote haya.

Mama amenieleza. Amesema ulikwenda kwa Mzee Masanja kukamua alizeti, ukawapa watu habari zangu, na yeye kwa kuwa ni mtani wako hakukuacha. Alisema kosa ni letu, tumempeleka Mnyaturu pwani na Mnyaturu ameinywa. Watu wakacheka mpaka mashine ikazimwa. Mama anasema ulisimama pale penye magunia ukawaambia, "Mwanangu hajawahi kunidanganya. Akisema imekauka, imekauka." Wakacheka zaidi. Sasa wanakuita Bahari Kavu, hata watoto wanaopeleka mahindi kusaga. Na umemwambia Mama huji tena Tanga, kwamba tope lipo ziwani Singidani, huna haja ya kukaa kwenye basi siku nzima kwenda kuangalia tope la watu wengine.

Baba, Shangazi alikuwa ameshakununulia godoro. Alipopata habari hizo alilikunja, akalifunga kamba, akalisimamisha nyuma ya mlango. Hakulalamika. Alisema tu, "Kaka yangu ni mtu wa sababu. Mara paa, mara ng'ombe. Sasa ni bahari." Kisha akarudi kwenye vitumbua vyake. Lakini mimi ndiye ninayemkanda magoti jioni, na nakwambia ukweli, yeye hawezi tena kusafiri mpaka Singida. Kutoka hapa hadi kituo cha bajaji anapumzika njiani. Kwa hiyo ni wewe uje, au ndiyo basi, hamtaonana. Naomba unisome mpaka mwisho.

Siku ile niliyosema imekauka, Shangazi alikuwa amenipeleka asubuhi Sahare, mahali wanapouza samaki. Njia nzima nilinyoosha shingo nikiitafuta. Tuliposhuka niliona tope. Tope lililonyooka mpaka macho yanachoka, lenye madimbwi yanayong'aa, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe saa za mchana. Wanawake wenye ndoo walikuwa wanatembea mbali kule, wadogo kama siafu, mahali ambapo nilitegemea kuona mawimbi. Shangazi alikuwa anabishania samaki, na mimi niliona haya kumuuliza. Nikakumbuka ule mwaka uliponipakia kwenye baiskeli kwenda mjini, tukapita kando ya Singidani, maji yamekimbia, ukingo mweupe kwa magadi na ndege wote wamehama. Ulisema yatarudi, na yalirudi, lakini mimi nilikuwa nimeshapanda madarasa mawili. Basi nikajua na hapa ni vilevile. Nilisikitika kweli. Nilijiambia nimesafiri kutoka Singida nikaikuta bahari mwaka wake wa ukame.

Utasema, si ulisoma? Nilisoma, Baba. Kwenye mtihani wa jiografia niliandika kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, na nikapata alama zote. Lakini nilidhani ni kama maji ya ndoo ukiwa umeyabeba kichwani, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Sikujua kwamba yanaweza kuondoka na kuacha mashua chini.

Nilipomweleza Shangazi nilichokwambia kwenye simu, alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mchele. Nilifikiri atanifundisha. Hakunifundisha. Kesho yake alinirudisha Sahare asubuhi, akanunua mihogo ya kukaanga, akakaa juu ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi na kuniambia nami nikae. Tope lilikuwa palepale. Tukakaa. Nikamuuliza tunasubiri nini, akasema, "Kula muhogo."

Baba, maji yalikuja bila kelele. Unajua korongo letu likishuka na mvua za juu, tunalisikia kabla hatujaliona, linakuja na miti na vyungu vya watu. Haya hayakuwa hivyo. Kwanza niliona dimbwi moja limegusana na jingine. Halafu vitundu vya kaa vikaanza kutoa mapovu. Halafu ulimi wa maji, mwembamba kama ule unaomwagika ndoo ikijaa, ukapita kando ya mguu wangu ukaenda zake, ukarudi na mwingine. Wale wanawake walikuwa wanarudi pole pole wakizungumza, kama watu wanaotoka shamba, na nyuma yao kila walipokanyaga palikuwa pamefunikwa. Nikatazama mashua. Moja ilitikisika. Ikatikisika tena, ikainua upande mmoja, ikasimama. Hakuna mtu aliyeishika. Kisha ya pili, kisha ile kubwa ya buluu, moja baada ya nyingine, kama ng'ombe wanavyoamka wakijua muda wa kwenda umefika. Mpaka alasiri palikuwa na bahari mahali pote, kijani, nzito, inapumua. Nilitaka kukupigia simu nikashindwa, maana ningekwambia nini, na watu wako uani?

Nililia kidogo. Shangazi alijifanya haoni.

Inafanya hivyo kila siku. Hicho ndicho ambacho bado hakijaniingia vizuri akilini. Inaondoka na kurudi, inaondoka na kurudi, hata sasa wakati nakuandikia, na watu wa huku wanapita na baiskeli zao bila hata kugeuza shingo. Wanasema tu maji yamekupwa, maji yamejaa, kama sisi tunavyosema kumekucha.

Kwa hiyo nimeanza kukuandalia safari, hata kama umesema huji. Kila Shangazi anaponiruhusu baada ya vitumbua kuisha, natoka na Mwanaidi, mtoto wake, tunapita sehemu ambazo nitakupeleka, ili usije ukatumia pesa kwa kutojua. Mji ni tambarare kabisa, Baba. Hakuna hata kilima kimoja cha kushuka na kusukuma. Mume wa Shangazi ana baiskeli mbili, na wewe kwa baiskeli ulivyo utaumaliza mji wote bila kulipa nauli. Mitaa ya Ngamiani ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, mpaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo ukipotea unahesabu tu unarudi nyumbani. Mimi mwenyewe, ambaye siwezi kumuuliza mtu njia, sijapotea.

Kuna bustani pale mjini juu ya bandari, unakaa bure, kuna miti na upepo. Ukitazama chini unaona meli. Nimeiona moja ambayo ni ndefu kuliko soko letu zima na vibanda vyake, imebeba makasha ya chuma yaliyopangwa kama matofali, na bado inaelea. Nimejaribu kuelewa nikaacha. Ukienda mbele zaidi ni Raskazone. Kuna sehemu wanalipisha watu kuingia kuogelea, usilipe. Pembeni yake watu wa kawaida wanaingia bure, maji ni yaleyale. Mimi niliingia mpaka magotini na kanga yangu, pamoja na akina mama wengine, na wimbi likanisukuma kwa nyuma kama mbuzi anayetaka chumvi. Nilionja. Ni chumvi tupu.

Mapango ya Amboni tulikwenda kwa baiskeli pia. Hapo kuna kiingilio, lakini cha sisi wenyeji ni kidogo kuliko cha Wazungu, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Ndani ni giza na popo, na mawe yameota kutoka juu kama chuchu za ng'ombe. Anayetembeza watu alitumulikia ukutani akasema tuliposimama hapo, zamani sana, palikuwa chini ya bahari. Nikamuuliza, na wewe unajua mimi siulizi watu, kama iliondoka moja kwa moja. Akasema moja kwa moja. Mwanaidi akaninong'oneza, "Hiyo sasa ndiyo bahari ya baba yako." Nilicheka mpaka popo wakaruka. Lakini jioni nililiwaza jambo hilo sana. Niligusa ukuta ambao maji yaliugusa kabla ya mtu yeyote. Sijawahi kushika kitu kizee kiasi hicho.

Kuhusu basi, panda lile la alfajiri, na kaa upande wa kulia, kwangu jua lilinipiga kushoto karibu njia nzima. Kuku usimbebe mzima. Mama amkaange, na mjaze karanga kwenye mfuko, maana mahali basi linaposimama watu wale chakula, sahani moja ni bei ya ajabu. Nunua maji tu. Dumu la mafuta ya alizeti ulifunge nailoni chini ya kifuniko, langu lilivuja kwenye begi la abiria mwingine nikaomba radhi mpaka Chalinze. Shangazi anaomba na vitunguu, anasema vya huku havilizi mtu. Ukishuka stendi ya Kange usikubali bodaboda yeyote akushikie begi. Wakisikia tu unavyoongea watajua umetoka bara na nauli itapanda. Simama palepale. Nitakuwa nimevaa kitenge cha Mama.

Chakula usiogope. Kuna ugali wa muhogo wanauita bada, rangi yake haipendezi lakini ukiula na samaki wa nazi utanyamaza. Kuna pweza pia, wanamkata vipande vidogo barabarani na kukupa na supu yake. Ana mikono minane, Baba. Nilisema nimeshiba.

Sasa jambo kubwa. Usije siku yoyote tu. Wewe hutazami kalenda, unatazama mwezi, basi utazame. Nimeuangalia hapa na kuangalia maji. Mwezi ukiwa umejaa, asubuhi maji huenda mbali kuliko siku zote, na alasiri hurudi mpaka kwenye ukuta wa ufukweni. Kwa hiyo alizeti ikishaingia ndani, subiri mwezi ukaribie kujaa ndipo upande basi. Ukishalala na kupumzika, nitakupeleka Sahare asubuhi kabla hujaona sehemu nyingine yoyote. Hata bandari hutaiona kwanza. Utaona nilichokiona mimi, tope na mashua zimelala na wanawake wadogo kama siafu. Sitasema neno. Nataka wewe mwenyewe, kwa macho yako, useme imekauka.

Kisha tutakaa. Shangazi atakuwa nasi kwenye mtumbwi, amesema siku hiyo vitumbua vipumzike. Nitawanunulia mihogo na ninyi mtaongea Kinyaturu chenu cha utotoni ambacho mimi nashindwa kukifuata. Na mashua ya kwanza ikianza kuamka, mpigie Mzee Masanja, spika wazi, asikie maji. Mwambie kila mtu pale mashineni kwamba mwanao hakukudanganya. Aliondoka Sahare mapema tu.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge chake kinatunzwa. Msalimie Idi, kaka yangu, na wale ng'ombe anaodhani ni wake. Bibi wa ng'ambo ya korongo mpe shikamoo yangu kwa sauti, sikio la kulia. Mwalimu wangu wa jiografia ukimkuta sokoni mwambie alikuwa anasema kweli. Na Mzee Masanja mpe shikamoo pia, umweleze kwamba Mnyaturu hakuinywa bahari. Aliionja tu, na chumvi yake imetushinda.

Nabaki mimi binti yako ninayekusubiri na mwezi,

Zaituni

Baba, nimeifungua tena bahasha. Shangazi aliniuliza naandika nini muda wote huu, nikamsomea pale pa mashua na pale pa mtumbwi. Alikwenda kule nyuma ya mlango, akafungua kamba, na sasa hivi godoro liko uani juu ya mkeka. Anasema linahitaji kupigwa jua.