Maneno ya Mwisho ya Floors

Jumanne, 7 Julai 2015

Leo papa weupe saba! Saba, na mmoja — naapa — mrefu kuliko gari la zimamoto la mji wetu wa Gansbaai. Nilikivuta kichwa cha jodari kwa kamba mpaka jitu lile likagonga mdomo kwenye vyuma vya kizimba tunachokining'iniza majini ubavuni mwa boti. Watalii ndani wakapiga mayowe kama kuku. Nahodha Wouter akafoka, Neels, utaninyang'anyisha leseni! Nikamwambia bila mimi hiyo leseni ungefungia chipsi. Miaka minane namwaga damu ya samaki baharini, na shule niliishia darasa la sita. Msomi gani anajua kumwita papa kama mimi?

Tukirudi nikawapa hadithi ya shemeji Floors. Ndiyo wanayoingoja. Tulivyokuwa wawili tu, yeye chini akichuma perlemoen, yale makombe ya magendo, mimi juu kwenye boti ndogo. Mashine nimezima, kimya kabisa. Papa alivyombeba kiunoni akaibuka naye. Nilivyomtwanga papa puani kwa kasia mara tisa (jana zilikuwa sita). Na maneno ya mwisho: "Neels, mwambie Trien nampenda kuliko bahari hii." Mama mmoja Mmarekani akalia mpaka kamasi. Bandarini nikawaonyesha kwa kidole: yule wa kitambaa cha bluu anayewagawia supu, ndiye mjane. Dada yangu wa damu! Bakshishi ikajaa kofia.

Alhamisi, 9 Julai

Balaa. Yule Mmarekani alirudi kwa supu, akamkumbatia Trien, akamwaga hadithi yote. Trien kaja kwangu jioni, aproni bado kiunoni.

— Kaka, Floors alisema hivyo?

— Alisema.

— Floors? Aliyeniita "we mama" miaka kumi na tatu?

— Mtu akifa hubadilika, Trien.

— Na wewe ukanyamaza miaka tisa! Wageni unawaambia kila siku, mimi unaninyima!

Nilijua atanizaba kofi. Akalia. Halafu akacheka. Akataka nirudie. Nikarudia, nikaongeza na kidogo: kwamba alilitaja jina lake mara tatu. Sikuweza kujizuia. Anasikiliza vizuri kuliko mtalii yeyote!

Ijumaa, 10 Julai

Mvua, boti hazikutoka. Trien kaenda kwa mchonga mawe. Maneno yale yatachongwa kwenye jiwe la Floors, jiwe ambalo chini yake hamna mtu. Bandarini wanamtania, "Mama Kuliko-Bahari!" Naye anatembea kama bibi harusi.

Kuna Dirkie muuza samaki. Kila Jumamosi humletea samaki wa kukausha, na nia yake kila mtu anaijua. Mwaka huu Trien alishaanza kumkaribisha ndani. Leo kamrudishia samaki wake mbele ya watu: mimi ni mke wa mtu. Dirkie akanitazama mimi. Nikamwambia pole bwana, maiti huwezi kushindana naye, hazeeki wala hakoromi. Watu wakacheka. Mimi zaidi.

Jumapili, 12 Julai

Kanisani sikwenda. Mchungaji alitaka nisimame nishuhudie. Nikasingizia tumbo.

Acha niandike, daftari halina mdomo. Papa hakuwapo. Au alikuwapo, mimi sikumwona. Asubuhi ya ukungu, Floors yuko chini na chupa ya hewa ya nusu saa, nikaona boti ya doria. Nilikuwa na kesi moja tayari, ya pili ningefungwa. Nikawasha mashine nikaondoka. Nilirudi baada ya masaa matatu. Maji matupu. Ningesema nini? Nikamsingizia papa. Papa hakatai kesi.

Na kile kidogo nilichoongeza Alhamisi, Trien amemwambia mchonga mawe akiongeze.

Jumanne, 14 Julai

Trien anataka kushuka kwenye kizimba. Mahali pale pale alipopotelea Floors! Hajui hata kuogelea. Nikamtisha kwamba papa hupenda wanawake wanene. Akasema, basi atashiba. Wouter, mpumbavu yule, kampa nafasi bure.

Jumatano, 15 Julai. Botini

Naandika nimekaa juu ya pipa la chambo.

Trien kaingia kizimbani, suti ya mpira imembana kama soseji. Akiwa anajaribu kuzamisha kichwa, boti ya watalii ya wenzetu ikatokea kwenye ukungu, ikatia nanga jirani. Papa kaja mmoja tu, mita nne. Nne kweli. Nikapiga kelele, "Chini, Trien! Kushoto!" Akazama. Watalii wakaibuka kuvuta pumzi, yeye bado. Nikamwita. Nikamwita tena kwa koo lote. Akaja juu polepole, midomo zambarau.

— Umemwona?

— Nimemwona. Mzuri. Hana haraka. Uliniita?

— Mara tatu!

— Sikusikia. Kule chini sauti ya mtu haifiki, kaka. — Akapangusa pua. — Mashine ndiyo inafika. Ile boti ya wenzenu, nimeisikia kabla haijatokea kwenye ukungu. Kama imo ndani ya kichwa.

Nikasema ndiyo, maji ndivyo yalivyo. Nikashika ndoo, nikamwaga chambo ambacho hakuna aliyekiagiza.

— Siku ile yako ulikuwa umezima, sivyo?

— Nimezima! Kimya kabisa!

Nilijibu upesi mno. Akanikazia macho. Trien hajawahi kunitazama hivyo, hata tulipokuwa watoto na mimi ndiye niliyevunja chombo. Halafu akamgeukia Wouter: wale wenzenu wanarudi bandarini saa ngapi? Wouter akasema sasa hivi, wanapandisha nanga.

— Basi niacheni humu. Nataka kusikia inavyokuwa ikiondoka.

Nikamwambia baridi itakuua, dada, panda, supu ipo. Kashika vyuma kwa mikono miwili, anavuta pumzi. Wouter ananiuliza, Neels, una nini, uso umekuwa kama unga? Mashine ya wenzetu imewaka. Kichwa cha Trien kimezama. Nahesabu. Boti inageuza, inakwenda, na yeye bado yuko chini, bado —