Ulisema Ni Kidogo

Mama,

Fundi anakuja Jumamosi kumalizia kaburi lako. Saruji imeshakauka, kimebaki kibao cha maandishi, na Kipkoech amenipa mimi kazi ya kuandika maneno kwa sababu anasema mke wake ndiye mwenye Kiswahili kizuri hapa nyumbani. Mstari wa mwisho ameuchagua mwenyewe. Anataka uandikwe "Alilala bila maumivu." Tangu jana nimekaa na karatasi na mkono umekataa. Kwa hivyo nakuandikia wewe kwanza, wewe ambaye hata hukujua kusoma, ili nipate nguvu ya kumwambia mwanao.

Habari za hapa si mbaya sana. Majani ya chai yamekubali baada ya ile mvua, mimi na wifi yangu Chebet tunachuna siku tatu kwa wiki. Yule ng'ombe wako mwekundu hataki mkono wangu. Anasimama ananiangalia tu, maziwa hashushi. Chebet anasema amezoea kukaripiwa, nimtukane kidogo kama ulivyokuwa ukifanya. Nimejaribu. Maneno ni yaleyale yako, lakini nikiyasema mimi anaendelea kutafuna nyasi.

Kelele yako, Mama. Hiyo ndiyo ninayoikosa. Nilipoolewa hapa Kimulot nikitoka kambi ya wafanyakazi wa chai kule Kericho, nilidhani mnagombana kuanzia alfajiri. Ulikuwa ukiita kuku kama unafukuza mwizi, ukimsalimia jirani aliye ng'ambo ya shamba bila kusimama kuchuna. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba hiyo ilikuwa sauti ya mtu mwenye furaha.

Ile ya uchungu nilichelewa zaidi kuijua, maana ilikuwa ni kama haisikiki. Unakumbuka siku ng'ombe huyohuyo mwekundu alipokupiga teke? Uliniambia polepole, bila kuinua kichwa, "Lete kamba nyingine." Nikaleta, tukamaliza kukamua, ukabeba ndoo mpaka jikoni. Ni pale ulipokaa nikaona mguu umepasuka na damu imejaa kwenye kiatu cha gambuti. Na siku ile simu ilipokuja kwamba ndugu yako amefariki, ulijibu neno moja tu, "Haya," chini sana, ukaendelea kuchambua mboga. Uliniambia kwamba mlipokuwa wasichana mlifundishwa kutopepesa macho mbele ya uchungu, na kwamba aliyepepesa aliaibisha mama yake. Basi nikaishika siri yako. Uchungu ulivyopanda, sauti yako ilishuka. Chebet hakuwa amegundua, wala Kipkoech. Mimi mgeni ndiye niliyejua, na nilijivunia kujua.

Kwetu sisi watu wa ziwa, hata tulio kambi za chai, mtu akiumwa na jino mtaa mzima unapata habari. Ulinicheka nilipojifungua mtoto wa kwanza, ukaniuliza, "Unazaa ama unaita mvua?" Ikawa hadithi ya nyumbani. Mkawa mnasema, "Akinyi akisema anakufa, mpe chai." Nilicheka nanyi. Lakini ilinikaa, Mama. Nikaanza kuogopa kuonekana ninaongeza chumvi.

Sasa nisikilize.

Siku ile tulipoenda zahanati, ulitembea mwenyewe kutoka kwa pikipiki mpaka kwenye benchi. Watu walikuwa wengi. Tulipoingia, yule daktari kijana hakujua Kikipsigis, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako. Kabla hujasema lolote nikaanza kumweleza kwamba hujala siku mbili na kwamba wewe si mtu wa kulalamika. Akanikata bila kuangalia juu. "Mama, wewe niambie tu ile kitu mgonjwa anasema. Usiniongezee yako." Mimi nikashika mikono nyuma kama mtoto wa shule. Akauliza tumbo linauma namna gani.

Ukajibu kwamba ni kidogo.

Ulisema kwa ile sauti. Ya kamba. Ya simu ya ndugu yako. Tena ilikuwa chini kuliko siku hizo zote, mpaka ilibidi niiname ndipo nikusikie. Ukaniangalia, na najua uliniangalia ukiamini kwamba mimi nimesikia. Nami nikamgeukia daktari nikamwambia, "Anasema ni kidogo." Sikuongeza. Hata sauti yangu niliiweka sawa, ya heshima, ili asinione mtu wa kelele. Akaandika dawa za asidi, tukatoka. Na unajua kitu kinachonichoma? Pale nje nilifurahi kwamba nimetafsiri vizuri.

Jioni Kipkoech alipiga simu kutoka kazini Nakuru. Aliuliza kama aombe ruhusa aje. Nilijua akisikia wasiwasi kwenye sauti yangu ataacha kila kitu, basi nikacheka. Nilicheka, Mama, wewe ukiwa umelala chumba cha pili umegeukia ukuta. Nikamwambia, "Ako sawa, ni asidi tu, wewe fanya kazi." Akasema akinisikia vile moyo wake umetulia. Akabaki Nakuru.

Siku ya tatu asubuhi jirani alitupatia gari na ukafia njiani kabla hatujaona Kericho, kichwa chako kwenye mapaja yangu. Hukulia hata mara moja. Daktari wa hospitali ya kule alikupapasa tumbo, akaniambia utumbo ulikuwa umepasuka siku kadhaa zilizopita. Akaniuliza, "Na huyu alikuwa anavumilia aje?" Nilikuwa peke yangu naye, Chebet alikuwa nje anampigia ndugu yake simu. Nilipotoka waliniuliza daktari amesema nini. Nikasema amesema ni tumbo.

Siku ya mazishi Kipkoech alishika maikrofoni akawaambia watu kwamba mama yake hakuteseka. Alisema anajua kwa sababu mkewe alikuwa karibu na mkewe alimwambia mama ametulia. Wamama wa kanisa wakaitikia. Chebet akanikumbatia akanishukuru kwa kukutunza. Nililia kwa nguvu zangu zote siku hiyo, mpaka nikaanguka, na wakasema wenyeji wa ziwa ndivyo wanavyoomboleza. Hakuna aliyesikia nililokuwa nalilia.

Miezi minne sasa mwanao analala vizuri kwa sababu ya kicheko changu cha kwenye simu. Nimejiambia nimwachie huo usingizi wake, ukweli hautakurudisha. Ningeweza, Mama. Lakini kuandika maneno hayo kwa mkono wangu, na fundi ayachonge kwenye jiwe, wajukuu waje wasome kwamba hukuumia? Uliumia sana. Uliumia na ukasema, kwa njia uliyokuwa nayo, na mtu aliyekuelewa alikuwa amekaa kando yako.

Nisamehe, ingawa najua ungesema neno moja tu na kuendelea na kazi.

Nimesikia lango. Ni Kipkoech amerudi na saruji ya kubandikia kibao. Karatasi ya fundi iko tayari. Nimeandika jina lako, na kwamba ulikuwa mama wa watoto watano, na pale chini nimeandika "Alivumilia." Ataniuliza kwa nini nimebadilisha mstari wake. Nakuahidi sitacheka, wala sitaweka sauti ya heshima. Nitamwambia kwa sauti itakayotoka, na kama ni ya kupiga mayowe, majirani na wasikie.

Kwaheri, Mama. Ngoja nimfungulie mlango.

Akinyi wako