Kwa Somo Yangu Uliyeniachia Ndoo

Mpendwa somo yangu Zuhura,

Namba yako haipatikani tangu ulipoondoka, kwa hiyo nakuandikia hadharani, mtandaoni. Najua huko kwenu Mpapura hakukosekani mtu wa kukuonyesha simu yake na kukuuliza, "Huyu si yule Mnyaturu wako wa chuo?"

Ndiye mimi. Unakumbuka nilivyofika kwenye ile nyumba yetu ya kupanga, wasichana tupu wa chuo, pale Shangani? Nilitoka Singida na begi moja na kiburi cha kutosha. Mkanizunguka, mkaniambia kila mgeni wa nyumba ile ni mwali, na kila mwali lazima apate somo wa kumwongoza. Kwetu mambo hayo sikuyajua, nikadhani mnanichezea shere. Ukajitokeza wewe, mfupi kuliko wote, ushungi umekaa upande. "Huyu wangu," ukasema. "Nnamtaka huyuhuyu anayenuna."

Kisha mkanipeleka kuchota maji. Bomba letu lilikuwa pambo tu, tukachota kwa jirani, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mwali hanyanyui ndoo peke yake. Somo anashika kishikio upande huu, mwali upande ule, wengine wanapiga vigelegele mpaka mlangoni. Kwa urefu wangu na ufupi wako, maji yote yalikumwagikia wewe. Ulifika umelowa chapachapa, ukanilaumu kama vile nimejiumba mwenyewe.

Jioni ile ulichemsha ming'oko, vile viazi vya porini ulivyokuja navyo kutoka kwenu. Nilipoiona nikauliza ni mizizi ya kutibu nini. Ulicheka mpaka ukakaa chini! Tangu hapo, kila nikiumwa kichwa, uliniletea ming'oko na chumvi na kuniambia nimeze dawa.

Nakumbuka zaidi ile baraza, ulivyonifundisha takwimu mpaka nikaacha kulia. Nilifaulu, somo. Wewe, uliyenifundisha, ukafeli, ukadisko, chuo kikakutoa. Kesho yake baada ya matokeo nilirudi kutoka darasani nikakuta godoro lako halina shuka, na ndoo yako iko juu ya kitanda changu. Unajua desturi yetu: anayeondoka humkabidhi mwali wake ndoo mbele ya wote, kwa vigelegele. Ukatunyima hata hilo. Nilikasirika, na hasira yenyewe haijaniisha.

Juzi Rehema, yule wa chumba cha uani, alikuona pale kituo cha kilimo Naliendele, umefuata miche ya mikorosho. Anasema alikuita kwa jina, ukavuta ushungi ukapita. Alinisimulia akilia. Sasa nikuulize: unatuonea haya sisi? Sisi tuliokula kwenye sinia moja, tukaazimana kanga mpaka hatukujua ipi ya nani? Undugu ule haukutolewa na chuo, na chuo hakiwezi kuufuta.

Naolewa, somo yangu. Jumamosi ya wiki ijayo wanawake wananifunda, palepale Shangani, kwa shangazi yake Rehema, nyumba ya tatu kutoka kwetu kwa zamani. Wenzetu wote wanakuja. Wameniuliza nani atakaa kando yangu nafasi ya somo, wakanitajia mmoja, mtu mzuri tu, ana kazi na gari. Nikakataa. Wakasema nitaaibika nikikaa na nafasi tupu mbele za wakwe. Nikawaambia nitakaa nayo hivyohivyo.

Njoo na mikono yako ya shamba, njoo na ushungi wako wa upande. Ukitaka kuja na ming'oko, njoo nayo, wakwe zangu nao waulize inatibu nini. Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka.

Ndoo yako ninayo bado. Siku hiyo asubuhi nitaijaza maji yangu ya kuoga pale kwa jirani, kwenye bomba tulilokuwa tukichota, na nitasimama hapo. Peke yangu siinyanyui.

Nakungoja upande wangu wa kishikio,

Mwali wako